Kratos Mfukoni: Gemu Kubwa Zinapohamia Mashine Ndogo

Mwaka 1992 Sega walitoa Sonic the Hedgehog 2 kwa mashine mbili ambazo ndani yake zinafanana karibu kila kitu: Master System, inayochomekwa kwenye televisheni, na Game Gear, ya kushika mkononi. Mwisho wa eneo la kwanza kuna bosi. Sonic amesimama kwenye mteremko. Chini yake kuna mdudu wa chuma mwenye taya zinazofunguka na kufumba, na kutoka juu inakuja mipira inayodundadunda. Kazi ya mchezaji ni kuikwepa ili ikampige yule mdudu. Kwenye televisheni mpira unauona mapema, unapima unavyodunda, unaamua kuruka au kutulia. Kwenye Game Gear mpira unachomoza ukingoni mwa kioo na kukufikia kabla hujaamua lolote. Bosi ni yuleyule na kasi ni ileile. Kilichobadilika ni dirisha: pikseli 160 kwa 144 badala ya 256 kwa 192, yaani eneo linaloonekana halifiki hata nusu. Mpaka leo bosi huyo wa kwanza anatajwa kwa uchungu kuliko wengi wanaomfuata.

Mfano huo ni mdogo lakini unagusa kiini cha suala zima. Gemu ya konsoli inapohamishiwa mashine ya mkononi, mazungumzo huanzia kwenye nguvu: prosesa ina kasi gani, RAM ni kiasi gani, picha zitakuwa nzuri kama za nyumbani? Kwa maoni yangu hilo ndilo tatizo jepesi, maana kila kizazi cha mashine hulipunguza chenyewe. Magumu ni yale ambayo chipu haiwezi kuyatatua: jicho linaona kiasi gani, vidole vinafika wapi, na mtu ana muda gani kabla basi halijafika kituoni. Mifululizo ya gemu za mapigano iliyovuka salama ni ile ambayo waundaji wake walikaa chini wakaamua mapema nini kitaachwa. Walioanza kwa kubana kila kitu walijikuta wanaacha vitu hata hivyo, tena vile ambavyo hawakuvichagua.

Nintendo waliligundua hilo mapema. Metroid ya kwanza ilikuwa na rangi. Mavazi ya shujaa wake, Samus, yakiongezewa nguvu, rangi hubadilika na mchezaji anajua. Metroid II ya mwaka 1991 ilitengenezwa kwa Game Boy, mashine yenye vivuli vinne tu vya rangi moja. Rangi haikuweza kusema kitu. Suluhisho likawa umbo: mavazi yaliyoboreshwa yakapewa mabega makubwa ya duara, yanayoonekana hata kwenye kioo chenye ukungu na mwanga hafifu. Mabega hayo yakawa sura rasmi ya Samus katika gemu nyingi zilizofuata, zikiwemo za konsoli zenye rangi kwa maelfu. Gemu hiyohiyo ilikosea kwingine. Samus alichorwa mkubwa, hivyo mazingira yanayomzunguka yanaonekana kidogo, na mapango yanafanana mno, na hakuna ramani. Mtu anapotea. Toleo jipya la 2017 kwa Nintendo 3DS liliongeza ramani kwenye kioo cha chini, na mwenye kulicheza anaelewa mara moja jinsi wenzake wa 1991 walivyohangaika.

Lakini ukitaka kuona kazi hii ikifanywa kwa ustadi, na pia ikifikia kikomo chake, angalia God of War kwenye PSP, mashine ya mkononi ya Sony.

God of War ilianza kwenye PlayStation 2 mwaka 2005, chini ya David Jaffe wa Santa Monica Studio, na ya pili ikafuata 2007 ikiongozwa na Cory Barlog. Sifa yake ilikuwa ukubwa: majitu yanayojaza kioo kizima, shujaa wake Kratos akizungusha mapanga ya minyororo katikati ya kundi la maadui, mahekalu yasiyo na mwisho. Kuipeleka kwenye kioo cha inchi 4.3 kulionekana ni mzaha. Kazi hiyo ilipewa studio nyingine, Ready at Dawn ya California, ambayo tayari ilikuwa imeonyesha uwezo wake kwenye PSP kwa gemu ya Daxter mwaka 2006. Chini ya uongozi wa Ru Weerasuriya wakatoa God of War: Chains of Olympus, Machi 2008.

Suala la nguvu lilitatuliwa kwa namna ya kuvutia. Prosesa ya PSP ilikuwa na uwezo wa kwenda hadi megahezi 333, lakini Sony walikuwa wameifungia isizidi 222 ili betri idumu. Mwaka 2007, kwa sasisho la programu ya mashine, kufuli hilo likaondolewa kwa watengenezaji wa gemu, na Chains of Olympus ikawa miongoni mwa gemu zilizoitumia kasi yote. Mchezaji hakununua kitu kipya. Mashine aliyokuwa nayo mfukoni siku zote iliongezewa mwendo. Gharama ikalipwa kwa chaji.

Sasa tuje kwenye vidole. Pedi ya PlayStation 2 ina vijiti viwili vya analogi na vitufe vinne vya mabegani. PSP ina kijiti kimoja, tena ni kidude bapa kinachoteleza, na vitufe viwili tu vya juu, L na R. Kwenye gemu nyingi za mapigano za wakati ule, kijiti cha kulia ndicho kinachozungusha kamera. Ukikiondoa, mchezaji anapigana kama aliyefungwa kitambaa machoni. God of War haikuwa na tatizo hilo hata kidogo, kwa sababu kamera yake haikuwahi kuwa mikononi mwa mchezaji. Tangu mwanzo ilipangwa na waundaji, pembe kwa pembe, kama mpiga picha wa sinema anavyopanga. Kijiti cha kulia kilikuwa na kazi moja: kujiviringisha kukwepa pigo. Ready at Dawn wakaihamishia kazi hiyo kwenye vitufe vya mabegani: bonyeza L na R kwa pamoja, sukuma kidude cha analogi upande unaotaka, Kratos anajiviringisha. L peke yake ni kujikinga, kwa hiyo kidole kiko hapo tayari hatari inapokuja. Kuongeza R ni jambo la sehemu ya sekunde. Baada ya nusu saa mkono umeshazoea na mtu hakumbuki kwamba kuna kijiti kilichokosekana.

Hapo ndipo wachambuzi wengi huwapa sifa wasiostahili zote. Ready at Dawn walikuwa mafundi hodari, lakini nusu ya ushindi wao iliamuliwa miaka mitatu kabla, huko Santa Monica, na watu ambao hawakuwa wakiiwaza PSP. Kamera iliyopangwa iliwaruhusu wachoraji kuamua Kratos aonekane kwa ukubwa gani kila mahali, hivyo kwenye kioo kidogo wangeweza kumsogeza karibu bila kumnyima mchezaji haki yoyote aliyokuwa nayo. Iliwaruhusu pia kujua kwa uhakika kitu gani kitaonekana na kipi hakitaonekana, ili mashine isipoteze nguvu kuchora kisogo cha hekalu. Na Kratos mwenyewe ni mhusika wa kushukuriwa: ngozi nyeupe ya majivu, mchoro mwekundu mwilini, minyororo inayong'aa. Humpotezi hata akizingirwa na maadui kumi.

Hadithi nayo ilikatwa kwa kipimo. Waajemi wanaivamia Attica, jua linaanguka kutoka mbinguni, na Morpheus, mungu wa ndoto, anatandaza ukungu mweusi juu ya dunia. Mtu anayejua udogo wa kumbukumbu ya PSP hawezi kuutazama ukungu ule bila kutabasamu: ni simulizi nzuri, na pia ni pazia zuri la kuficha umbali ambao mashine isingependa kuuchora. Ukifika mwisho umetumia kama saa tano au sita hivi, na bosi ni wachache kuliko kwenye gemu za nyumbani. Lawama kubwa iliyotolewa mwaka ule ilikuwa hiyo, ufupi. Mimi naona ufupi ndio uliowaokoa. Gemu ya saa kumi na mbili kwenye mashine ile ingelazimika kurudia maadui na korido mpaka mtu achoke.

Kuna tukio moja ndani yake ambalo linanishawishi kwamba walielewa walichokishika. Kratos anampata binti yake Calliope huko Elysium, peponi kwa wafu. Kisha analazimika kumwacha ili kuizuia dunia isiangamizwe. Binti amemng'ang'ania, na gemu inamtaka mchezaji abonyeze kitufe kimoja mfululizo, tena na tena, ili kumsukuma mtoto aondoke mwilini. Ni mbinu ileile ambayo mfululizo huu huitumia kung'oa vichwa vya majitu. Hapa haikuhitaji jitu wala uwanja mpana, ilihitaji kidole gumba na kioo kilicho sentimita thelathini kutoka usoni. Kwenye televisheni ya ukumbini tukio hilo lingekuwa na uzito, bila shaka, lakini mashine iliyo mikononi mwako inakufanya mshiriki kwa namna ya karibu zaidi. Miaka miwili baadaye, God of War: Ghost of Sparta ilikuwa kubwa na nzuri zaidi kwa kila kipimo cha kiufundi, na bado sikumbuki sehemu yake yoyote kwa nguvu hiyo.

Kikomo cha kazi yao ni muda. Chains of Olympus imepangwa kama gemu ya kukaa nayo kwenye kochi. Mafumbo yake yanavuka vyumba kadhaa, na mahali pa kuhifadhi hatua pako pale waundaji walipotaka, popote utakapokuwa wewe unaposhuka kwenye gari. Kilichowafichia aibu ni swichi ya PSP ya kulaza mashine: unaisukuma, kila kitu kinaganda, unaendelea kesho. Hiyo ni neema ya mashine. Gemu yenyewe haikubadilika.

Capcom na Konami walikwenda mbali zaidi yao hapa, kila mmoja kwa njia yake. Monster Hunter ya PlayStation 2, mwaka 2004, ilikuwa gemu ya kuwinda majitu kwa kushirikiana kupitia intaneti, na ilipata wafuasi wa kiasi. Ilipofika PSP ilizaliwa upya. Kuwinda jitu moja kuna kikomo cha dakika hamsini na mara nyingi huisha mapema zaidi. Ni kipande kinachojitosheleza. Na PSP nne zilizokaribiana ziliweza kuunganishwa bila waya, bila intaneti, bila malipo. Japani vijana walikusanyika mikahawani na vituo vya treni kuwinda pamoja. Toleo la Monster Hunter Portable 3rd la mwaka 2010 liliuza nakala zaidi ya milioni 4 nchini humo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa upande wa vidole gemu hii ilikuwa adhabu. Kamera iliwekwa kwenye vitufe vya mshale, vilivyo juu ya kidude cha analogi, na wachezaji wakabuni mshiko wa ajabu: gumba la kushoto linatembeza mwindaji huku kidole cha shahada kikikunjwa kama ukucha juu yake kuzungusha kamera. Mkono ulikufa ganzi na watu waliendelea kucheza. Capcom walikuwa wamelipatia suala la muda na la wenzako kukaa karibu, na mchezaji akalipia lililobaki kwa viungo vyake.

Hideo Kojima wa Konami aliitazama hali hiyo kwa makini. Metal Gear Solid: Peace Walker, iliyotoka Aprili 2010 Japani, iliwapa wachezaji mipangilio mitatu ya vidhibiti, na mmoja ulifuata waziwazi mtindo wa Monster Hunter. Mwingine uliweka kamera kwenye vitufe vinne vya kulia, na vitendo vikahamia vitufe vya mshale. Gemu ikakatwa vipande vya misheni fupi. Simulizi ndefu za video, ambazo Metal Gear ilisifiwa na kulaumiwa kwazo, zikageuzwa michoro ya katuni inayosogea. Snake, shujaa wake, akilala chini hawezi hata kutambaa, na kwa mfululizo ambao kutambaa ni alama yake huo ni mkato mchungu. Badala yake kukaja vitu ambavyo Metal Gear haikuwahi kuwa navyo: kambi ya kujenga baharini, na puto linalomnyanyua adui na kumpeleka kambini kwako. Kila misheni, hata ya dakika tano, iliongeza kitu kwenye hesabu ya kambi, kwa hiyo hakuna muda uliopotea.

Metal Gear Solid V ilipokuja 2015 kwenye konsoli kubwa, kambi na puto vilikuwamo. Kwa hiyo safari ikageuka. Kile kilichobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye dakika tano kikawa mhimili wa gemu ya mamia ya saa. Huwa nashangaa jambo hili halitajwi zaidi, maana linavunja dhana kwamba toleo la mkononi ni binamu maskini wa gemu halisi. Grand Theft Auto: Liberty City Stories ya PSP, ya 2005, nayo ilihamia PlayStation 2 mwaka uliofuata, lakini huko ilikuwa bidhaa ya bei nafuu tu, haikubeba wazo jipya la kurudisha nyumbani.

Kisha ikaja PlayStation Vita, mwishoni mwa 2011, ikiwa na vijiti viwili, kioo cha inchi tano cha kupendeza, na nguvu ya kutosha. Ungedhani sasa mambo yangenyooka. Uncharted: Golden Abyss ya Bend Studio ilikuwa ushahidi kwamba gemu ya konsoli inaweza kuhamia mkononi karibu nzimanzima, na hapo ndipo ilipokosa kitu. Kwa kuwa haikulazimika kuacha chochote, haikuamua chochote. Ikaongezewa mapambo ya kuonyesha mashine: kufuta vumbi kwa kidole, na hata fumbo linalokutaka uinue Vita kuielekeza kwenye taa halisi ili karatasi ya kale ionekane. Ukiwa kitandani usiku, umezima taa, unanyanyuka kwenda kutafuta mwanga kwa sababu gemu imekuamuru. Hakuna aliyekuwa amefikiria mahali mchezaji alipo.

Nintendo Switch ya 2017 ilibadilisha swali, kwa sababu mashine ileile ni ya nyumbani na ya safarini. Panic Button waliihamishia Doom mwaka huohuo kwa kushusha picha kutoka 60 hadi 30 kwa sekunde na kupunguza ukali wa picha pale moto unapozidi. Saber Interactive waliiingiza The Witcher 3 kwenye kadi moja ya gigabaiti 32 mwaka 2019, na ukiishika mkononi ukali wa picha hauzidi mistari 540. Ni kazi za kifundi za kuvulia kofia. Hata hivyo ni kubana. Gemu yenyewe haijaguswa. Steam Deck ya Valve, mwaka 2022, imesogea hatua nyingine: inaendesha gemu za kompyuta kama zilivyo, na kinachobaki cha kazi ya zamani ya kuhamisha ni ukaguzi. Valve hupima kama maandishi yanasomeka kwenye kioo cha inchi saba na kama vidhibiti vinafanya kazi bila kibodi. Gemu zinazofaulu zinapewa alama ya kupita. Tumetoka kwenye kubuni mabega ya Samus tukafika kwenye kupima ukubwa wa herufi, na sioni sababu ya kuita hayo yote maendeleo.

Huku kwetu lakini, Afrika Mashariki, mashine ya mkononi ya wengi ni simu, na wengi waliomjua Kratos wakiwa safarini walimjua kupitia PPSSPP, programu ya kuiga PSP iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012. Faili hupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine, na habari za hakimiliki haziulizwi sana. Simu ya bei ya kawaida leo inaiendesha Chains of Olympus kwa picha kali kuliko PSP ilivyoweza. Tatizo linarudi kwenye vidole. Ule ufumbuzi mzuri wa L na R pamoja na analogi unahitaji vidole vitatu kwa wakati mmoja, na mwenye simu ana magumba mawili tu juu ya kioo laini kisicho na ukingo wa kupapasa. Anapozingirwa na Waajemi hawezi kukwepa. Anajikinga, anapigwa mgongoni, anakufa.

Wachezaji wakaona njia. PPSSPP inaruhusu kuunda kitufe cha ziada kinachobonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na kukivuta mahali popote kwenye kioo. Kwa hiyo mtu anaunda kitufe cha L na R, anakiweka kulia, juu kidogo ya kitufe cha pembetatu, gumba la kushoto likibaki kwenye analogi. Wengine hukikuza na kukififisha kisizibe picha, na wengine hukisogeza mara kadhaa mpaka gumba likipate bila jicho kushuka. Hapo Kratos anajiviringisha tena, na mapigano na bosi mkubwa wa Attica yanawezekana ukiwa umesimama ndani ya daladala, mkono mmoja ukiachia simu kila konda anapodai nauli.